Bastola Mbili kwenye Mgahawa wa Opal

Sheria ilipobadilika hapa Alabama, kwamba mtu mzima anaweza kutembea na bastola bila kuomba kibali, wengi wetu hatukubadilika hata kidogo. Waliokuwa nazo waliendelea kuwa nazo, na wasiokuwa nazo waliendelea kulalamikia joto. Harlan Tibbets peke yake ndiye aliyezaliwa upya.

Harlan alikuwa muuza mazulia mstaafu, mwenye umri wa miaka sitini na minne na tumbo lililomtangulia hatua moja kila alikokwenda. Alinunua bastola kubwa nyeusi, pamoja na ala ya ngozi iliyochorwa herufi za jina lake. Tangu siku hiyo hukumwona bila hicho kitu kiunoni. Duka la dawa, nacho. Kanisani, nacho. Hata mazishi ya mama mkwe wake alikwenda nacho, kana kwamba marehemu angeweza kughairi kufa.

Mimi ni Opal Sizemore. Nina mgahawa katika mji wetu wa Tulley, mkabala na mahakama ya zamani, huu mwaka wa ishirini na tatu. Watu wamechumbiana kwenye meza zangu, wakaachana, wakarudi kugombania mbwa. Wala sijifanyi mtakatifu: kwenye mkoba wangu kuna bastola ndogo tangu mwaka ule mlango wa nyuma ulipovunjwa. Lakini yangu haionekani, na haichangii mazungumzo.

Ya Harlan ilichangia. Asubuhi zote alikalia kiti kilekile cha kaunta, ubavu wa kulia umewaelekea wateja, ili hata anayekwenda msalani aione.

"Bi Opal, unaijua faida yake?"

"Naona utaniambia tu."

"Mwizi akichungulia dirishani, akaniona, anaondoka mwenyewe. Hakuna risasi, hakuna kelele. Adabu tupu!"

"Mwizi gani, Harlan? Askari wenyewe wanakula hapa."

"Na yule mgeni wa Jumanne, mwenye begi jeusi? Si aliingia, akaniangalia kiuno, akageuka?"

"Yule alikuwa anauza vichujio vya maji. Mimi ndiye niliyemwita."

Kaunta nzima ikacheka. Harlan akachovya mkate wake kwenye mchuzi wa soseji, akasema kwenye vichujio ndiko wezi wanakojifichia.

Kwenye kiti cha pili alikaa Lucius Pettway, fundi wa mabasi ya shule na shemasi wa kanisa la ng'ambo ya reli. Alikuwa ametumikia jeshi miaka kumi na miwili. Lucius ni mtu mweusi, Harlan ni mweupe, na walikuwa wakivua kambare pamoja tangu wote wana nywele. Urafiki wao ulikuwa wa kutaniana.

"Harlan, hiyo bastola yako ni tangazo," Lucius alimwambia. "Mwizi mwenye akili akiingia hapa, wa kwanza kumpiga ni nani? Mimi ninayekula uji wangu wa mahindi, au wewe uliyejivika kengele?"

"Nitakuwa nimeshamwahi."

"Umwahi wewe? Jana ulichukua dakika nzima kuchomoa pochi!"

Harlan hakuwa mtu wa kushindwa kwa kicheko. "Sasa wewe uliyekuwa jeshini, mwenye shabaha kutushinda sote, mbona huvai? Tukivaa wote, mji mzima utashika adabu."

Lucius alikoroga kahawa yake. "Kuna nguo, rafiki yangu, zinakupendeza wewe tu."

"Hayo mambo ya kale. Sheria haina rangi, bwana."

Wimbo huo uliimbwa miezi mitano. Vaa, Lucius. Haki ni yetu sote, Lucius. Halafu Ijumaa moja Harlan akaongeza ubeti: "Au unaogopa?" Lucius alimaliza uji wake, akaniaga, akaenda zake.

Kesho yake, Jumamosi, mgahawa umejaa, Lucius aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi na kuchomekwa vizuri. Kiunoni, wazi kabisa, palikuwa na bastola aliyoimiliki kihalali miaka ishirini. Hakuigusa. Alikaa kando ya Harlan, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta.

"Habari za asubuhi, Bi Opal. Mayai mawili na uji."

Sijawahi kuusikia mgahawa wangu ukinyamaza vile. Hata siku ile transfoma ilipolipuka nje watu waliendelea kutafuna. Karibu na mlango palikuwa na familia ya wageni, mama, baba na watoto watatu. Wote waliweka uma chini kwa pamoja, kama walioamrishwa.

"Naam!" Harlan alisema, sauti imepanda juu kidogo kuliko kawaida yake. "Sasa umependeza!" Kisha akasogeza kiti chake pembeni, kama upana wa kiganja. Nilimwona.

Kwenye meza ya dirishani, Maurine, mke wa Harlan, aliokota mkoba wake akaenda msalani.

Hazikupita dakika saba. Askari wawili wa kaunti waliingia, mikono kwenye silaha zao. Aliyetangulia alikuwa Cody Raines, ambaye nimemlisha tangu anafungwa kitambaa shingoni.

"Mwenye bastola! Mikono juu! Mtu asitikisike!"

Harlan, mdomo umejaa mkate, akainua mikono.

"Siyo wewe, Mzee Harlan," Cody akasema.

"Mikono yangu iko hapa, Cody," Lucius alisema bila kugeuza shingo. "Iko juu ya kaunta tangu nilipoketi. Mimi ndiye niliyekuwa nalitengeneza basi lako la shule."

"Usisogee, bwana. Usisogee!" Cody alikuwa anatetemeka. Nyama ya nguruwe ilikuwa inalia kwenye kikaango nyuma yangu, na niliogopa tone la mafuta lisije likaruka kwa kishindo likamshtua.

Nimpe Harlan haki yake: alisimama. "Mwache, Cody! Huyu yuko na mimi! Mbona hata mimi ninayo?" Akajipiga kiunoni kuonyesha. Ile ala yenye herufi zake ikanasa kwenye mgongo wa kiti, bastola ikaruka, ikagonga sakafu, ikateleza hadi chini ya meza ya wale wageni.

Sote tulijitupa chini. Cody alijitupa. Mwenzake alijibanza nyuma ya kabati la pai. Aliyebaki ameketi ni Lucius peke yake, mikono kaunta, macho amefumba.

Haikufyatuka. Yule mama mgeni aliisukuma kwa ncha ya kiatu hadi katikati ya sakafu. "Bwana," alisema, "umedondosha kitu chako."

Basi wakakagua. Lucius alitakiwa atoe kitambulisho, aeleze anakofanya kazi, aeleze kwa nini leo. Harlan alirudishiwa bastola yake na kuambiwa awe mwangalifu, mzee.

"Tulipigiwa simu," Cody alisema, hatazami mtu. "Tuliambiwa kuna mtu mwenye bastola mgahawani."

Harlan akawaka. "Mpumbavu gani huyo? Miezi mitano nakaa hapa na yangu, nani aliwahi kupiga simu?"

Maurine alikuwa ametoka msalani, simu bado iko mkononi. Hakuna aliyemuuliza kitu. "Ningejuaje kama ni Lucius?" alisema. "Sikuwa na miwani."

Miwani ilikuwa puani.

Lucius alisimama polepole. Harlan akamfuata hadi mlangoni. "Ndugu yangu, si umeona nilivyokutetea?"

"Nimeona, Harlan. Ilibaki kidogo uniue kwa kunitetea."

Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, na siku hiyo niliuona ukigeuzwa. Mchana huohuo nilibandika tangazo mlangoni: silaha zote zibaki garini. Yangu pia niliipeleka garini. Harlan alisema nimeikanyaga Katiba, akahamia kituo cha mafuta, akala soseji za kwenye mashine wiki tatu. Ya nne alirudi, kiuno kitupu, akilalamikia tumbo. Maurine hajarudi.

Lucius naye hakuja. Nikafunga mayai na uji, nikampelekea kwenye karakana ya mabasi. Alikula amesimama.

"Sikio lilikuwa linaniwasha," aliniambia. "Pale kaunta. Lilikuwa linawasha, Bi Opal, sijawahi kuona. Nikajiambia, ukijikuna tu, mkeo mjane."

Nikamwambia kuhusu tangazo langu.

"Vizuri," alisema. "Ungelibandika miezi mitano iliyopita."

Akanishukuru kwa chakula, akachukua spana, akarudi chini ya basi.