Lundo la Serikali

Mbithe alikuwa ameinama chini ya ng'ombe wake, ndoo katikati ya magoti, aliposikia mtu akikohoa kikohozi cha serikali. Hakuinua kichwa. Alimjua: Mbugua, afisa wa afya, ambaye hufika Kaloleni kila mvua inyeshapo na harufu kuamka.

"Mama Kavinya, hii harufu imefika mpaka kwa holi. Jana kulikuwa na harusi pale, bibi harusi akatapika."

"Huyo ana sababu zake," Mbithe alisema.

Mbugua hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye lundo la mbolea nyuma ya zizi la mabati. "Kufikia saa sita liwe limetoka. La sivyo, nakuja na lori nibebe hawa ng'ombe wako wote."

Ng'ombe hao ndio waliomsomesha mwanawe Kavinya tangu baba yake afariki, na maziwa yao ndiyo yaliyolipa nyumba. Mbithe akaiweka ndoo kando, akamkimbilia Kinyanjui, jirani aliyelima sukuma wiki kando ya mto na aliyekuwa na mkokoteni. Kinyanjui akafurahi kama mtu aliyeokota pesa. Mbolea ya bure! Walichota kwa makoleo hadi migongo ikalia, na kabla jua halijakolea, nyuma ya zizi palikuwa pamefagiwa kama uwanja wa kanisa.

Mbithe alikuwa akinawa mikono simu ilipolia.

"Mambo, Mama Kavinya? Naitwa Celine, wa ule mradi wa serikali wa mbolea. Jina lako limepita! Tunakuja saa hii kukagua lundo."

Mbithe aliketi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa. Mradi huo alikuwa ameusubiri mwaka mzima. Serikali ilikuwa imetenga fedha za kuwajengea wafugaji mitambo ya kugeuza mavi ya ng'ombe kuwa gesi ya kupikia, ili mvuke wake usipande angani kuzidisha joto la dunia. Na mtungi wa Mbithe ulikuwa mkavu tangu bei ya gesi iliporuka.

"Na kama lundo halipo?" aliuliza polepole.

"Bila lundo hakuna mtambo, Mama. Tutapunguza mvuke gani?"

Alimkuta Kinyanjui ameshamwaga nusu ya mbolea kwenye matuta.

"Zawadi hairudishwi, Mama Kavinya."

"Nikipata hiyo gesi utakunywa chai kwangu kila asubuhi."

"Na maandazi?"

"Na maandazi, Kinyanjui! Chota!"

Wakachota kwa pupa, miche mingine ya sukuma ikang'oka nayo. Celine alipofika, msichana mwenye gambuti mpya zisizojua tope, lundo lilikuwa limesimama mahali pake, limevaa majani mabichi kichwani. Alilizunguka, akalidunga kifaa chake, akalipiga picha kila upande.

"Safi kabisa!" alisema. Kisha akalizungushia utepe wa manjano ulioandikwa MALI YA MRADI WA SERIKALI, USIGUSE. "Lisisogezwe hata kidogo mpaka mafundi waje."

"Wanakuja lini?"

"Bajeti ikipita. Mwaka ujao hivi."

Hapo ndipo lori la Mbugua lilipoingia.

"Mama, nilikwambia nini asubuhi?"

"Uliniambia litoke. Huyu ananiambia likae. Ongeeni."

Mbugua akamgeukia Celine. "Wewe ni wa ofisi gani?"

"Kule kwenu, ghorofa ya juu."

"Mimi niko chini. Mbona sijawahi kukuona?"

"Sisi hupitia ngazi za nyuma."

Walibishana kwa vifungu vya sheria hadi ng'ombe wakaacha kula wakawatazama. Mwishowe wakaafikiana jambo moja tu, kwamba mwenye makosa ni Mbithe. Lundo likiondoka, jina lake litafutwa kwenye mradi. Likiwapo jioni, ng'ombe watabebwa. Kisha wakapanda lori moja, maana walikuwa wakirudi jengo moja.

Mbithe alichukua koleo.

"Sasa form ni gani, tunafanyaje?" Kinyanjui aliuliza.

"Pakia."

"Kwa shamba langu?"

"Kwa wenyewe."

Alijua kwamba gesi ameikosa. Alilijua hilo njia nzima, akisukuma mkokoteni kwa nyuma, na kila aliyewapita akiziba pua.

Kwenye lango la jengo la akina Mbugua, askari aliyeitwa Adongo aliwainulia mkono. "Mathe, unapeleka wapi hiyo kitu?"

Mbithe akamwonyesha utepe wa manjano, ambao alikuwa ameufunga vizuri juu ya mzigo. Adongo aliusoma, akausoma tena. Kazini alikuwa amefunzwa kwamba mali ya serikali haiachwi barabarani. Akafungua lango.

"Mwaga pale kwa ngazi," alisema. "Kuna kivuli, haitaharibika."

Wakamwaga. Madirisha ya chini yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, kisha ya ghorofa ya juu.

"Na nani ataisaini?" Adongo aliuliza, sasa ameshika pua.

"Wanajuana," Mbithe akasema. Akajipangusa mikono kwa leso, akarudi Kaloleni kukamua.