Mama Mdogo wa Masele

Joyness alitoka Zagayu na mimba, akajifungulia kwa dada yake Nancy mjini Bariadi. Aliyempa mimba alikuwa na mke wake, na alimkana mbele ya wazee. Nancy na mumewe Bundala walikuwa wameishi miaka bila mtoto, hivyo mama yao akaamua kabla kitovu hakijakauka: mtoto ni wa Nancy, na wamwasili mahakamani, awe wao kisheria, asije mtu kumdai baadaye.

Afisa ustawi wa jamii, Bi Anna, alimwita Joyness peke yake.

"Uliza chochote, binti."

"Nikibadili mawazo?"

"Kabla jaji hajatoa amri unaweza kukataa. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha."

"Na baadaye?"

"Baadaye kisheria si mwanao. Utakuwa mama yake mdogo."

Blauzi ya Joyness ilikuwa imeloa maziwa. "Akilia, nitaruhusiwa kumnyonyesha?"

Bi Anna alifunga faili lake. "Hilo utamwomba dada yako."

Jioni Joyness akamwambia mama yake kwamba amekataa. Mama alikuwa anasonga ugali jikoni kwa Nancy, wala hakuacha.

"Kataa. Halafu mbebe, mtoke. Baba yako hataki kuwaona Zagayu, na hapa si kwako."

Nancy alimfungua mtoto mgongoni mwa mdogo wake, akambeba yeye.

Mahakamani jaji alimuuliza Joyness kama amekubali kwa hiari yake. Mama alikuwa ameketi nyuma yake.

"Nimekubali," Joyness alisema, kwa sauti ndogo mno, jaji akamtaka arudie. Akarudia.

Wiki hiyohiyo Nancy alimpeleka mdogo wake Maswa, akauze dukani kwa rafiki yake mtaa wa Binza. Maziwa yalimkaukia huko.

Mtoto akaitwa Masele. Alipokuwa anaanza shule, Nancy alikuwa amekwishazaa wa kwake, Gloria. Joyness alipokuja kuwasalimia alimkuta Masele uani, akikwangua ukoko kwenye sufuria. Gloria alikuwa ndani, mezani na wazazi.

"Mbona huyu anakula peke yake?"

"Ana fujo. Anamsumbua mwanangu."

"Kwani yeye si mwanao? Basi nirudishie, dada."

"Watu wanajua nimezaa wawili. Unataka niwaambie nini?"

Joyness alikwenda mbio kwa Bi Anna.

"Amri ya jaji ipo," Bi Anna alisema. "Mtoto anavaa, anasoma, anakula."

"Anakula nje!"

"Kula nje si kosa, binti. Nitapita kuwatembelea."

Joyness alirudi kuaga. Masele, ambaye hakuwa ameambiwa nani alimzaa, alimshika sketi.

"Mama mdogo, twende wote Maswa."

"Mwombe mama," Joyness alisema.

Masele akaenda kuomba. Nancy alimpiga kofi, akaanguka mlangoni. Joyness aliinama kumwinua.

"Mwache," Nancy alisema. "Mwanangu huyo. Na wewe usije tena hapa."

Joyness akamwacha chini, akachukua mkoba wake.