Jibu Lilelile

Mke wa mwalimu mstaafu aliingia maabara akimkokota mumewe kwapani. Mwalimu alikuwa akiyumba, macho yanachezacheza, ulimi mzito, na kifuani ana matapishi yaliyokauka.

"Mwanangu," mama alimwambia mpimaji, "daktari keshaongeza dawa ya kifafa mara mbili, maana kila mkipima damu mnasema dawa ni kidogo. Mbona huyu anazidi kuwa kama mlevi, na pombe hajawahi kuionja?"

Mpimaji alikuwa na wiki tatu tu pale kazini. Alifungua daftari la majibu. Damu ya mwalimu ilikuwa imeandikwa mara tatu, na jibu lilelile hadi nukta: kiwango cha dawa kiko chini. Akateremsha kidole. Wagonjwa kumi na mmoja, wote jibu moja, kana kwamba wamezaliwa tumbo moja.

Akaenda kufungua jokofu la kuhifadhia damu. Uvundo ulimpiga usoni. Nyuma ya bakuli la wali uliochacha zilirundikana chupa za damu. Nyingine zilikuwa zimevuja, damu imekuwa nyeusi na kugandia kwenye kifuniko cha bakuli. Tatu zilikuwa na jina la mwalimu. Vizibo havikuwa vimeguswa.

Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Profesa, alimkuta hapo.

"Mashine ilikufa zamani," alisema bila haya. "Daktari anataka namba, nampa namba. Hawa wazee dawa hawamezi sawasawa, lazima iwe chini. Huo ndio uzoefu, mdogo wangu."

Akalichukua bakuli lake, akafuta kifuniko kwa pindo la koti jeupe, akaenda zake kula. Mpimaji aliwahi sinki, akatapika hadi nyongo.

Alipopata nguvu alilipiga jokofu picha, akamtoa mwalimu damu nyingine, akaipeleka mwenyewe hospitali ya pili. Jibu lilitoka alasiri: dawa ilikuwa mara mbili ya kiwango salama. Walikuwa wakimlisha mzee wa watu sumu kwa kijiko.

Daktari wa mwalimu alilisoma jibu hilo, akatazama picha ya jokofu, kisha akanawa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. Dawa ikasimamishwa, baadaye ikarudishwa kidogo kidogo, kila hatua kwa kipimo. Mwalimu akaanza kutembea mwenyewe, ila kalamu hakuweza kuishika tena. Wale kumi waliobaki waliitwa mmoja mmoja. Mmoja walikuta keshazikwa.

Kikao kilifanyika. Profesa alihamishiwa kitengo cha mafunzo, akawafundishe wanaoanza kazi. Siku ya kumuaga kulikuwa na soda, keki na hotuba, watu wakacheka vichekesho vyake. Alipita akipeana mikono na kila mtu, hadi akamfikia mpimaji.

"Usiweke kinyongo, mdogo wangu. Sote binadamu."

Mpimaji aliutazama ule mkono, mweupe kwa krimu ya keki. Mikono yake mwenyewe aliiacha mfukoni.