Maziwa ya Mafundi

Siku ya pili ya matanga ya kaka yangu Tsuma, pale Msambweni, Mbwana aliingia uani na katoni ya maziwa kwa ajili ya chai ya waombolezaji. Yeye ndiye mwenye karakana ya Ukunda ambako Tsuma alichomelea meza na majiko ya stenlesi ya mahoteli, hadi kifua kikamshinda.

Karakana ile haina feni ya kutoa moshi, wala barakoa za maana. Jioni Mbwana humpa kila fundi pakiti ya maziwa, eti yanaosha kifua. Wote waliamini. Hata sisi tuliamini. Tsuma alipoanza kukohoa, mama alimwongezea bilauri nyingine ya maziwa. Daktari ndiye aliyetueleza, saratani ikiwa imeshaenea, kwamba chembe za madini zilizomo katika moshi ule hukaa mapafuni, na hakuna kinywaji kinachofika huko.

Mbwana alitoa pole, akaketi na mafundi wake. Akasema Tsuma alikuwa kama mwanawe, hakumnyima maziwa hata siku moja. Kisha akawakumbusha kwamba kesho kuna kazi ya hoteli ya Diani. Nassir, mmoja wao, aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, akaitikia kwa kichwa.

Mimi si msemaji. Lakini kikohozi kile nilikijua. Niliinua katoni, nikaiweka miguuni pa Mbwana.

"Shikamoo, mzee. Rudi nayo. Hapa tunakunywa chai ya rangi."

Shangazi Hasina alinivuta leso, akaninong'oneza kwamba mgeni wa matanga hafukuzwi.

"Simfukuzi, shangazi. Nataka atuambie maziwa hupita njia gani hadi mapafuni."

Mbwana alijibu kwamba yote ni majaaliwa ya Mungu.

"Kifo ni cha Mungu," nikamwambia. "Feni ni yako."

Nassir alikohoa, akafuta mdomo. "Mzee, hata ng'ombe wa maziwa haya hungemfunga kwenye moshi ule."

Kuna aliyecheka, akajiziba mdomo. Mbwana aliondoka bila kuaga.

Kesho yake mafundi walifika karakanani, wakaketi nje. Mashine hazikuwashwa. Mbwana aliita vibarua wengine; walipoelezwa habari za moshi, nao wakaketi. Feni bado hajanunua. Leo nimewapelekea mahamri na mbaazi, nami sijaondoka.