Kaimu wa Miaka Minne

Keki ilikuwa imeandikwa jina la Roselyne kwa krimu ya waridi, na hiyo ndiyo iliyoleta aibu yote. Wapakuzi na makarani wa ghala la Kitale waliichangia wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Walisikia kwamba Ijumaa atatangazwa mkuu wa ubora wa ghala jipya la Bungoma, nao hawakuona haja ya kuuliza ni nani. Angekuwa nani mwingine? Kwa miaka minne Roselyne Nakhungu alikuwa kaimu mkuu wa ubora hapo Kitale, akikubali na kukataa malori ya mahindi, huku barua yake ya kazi ikiwa ya mchukua sampuli. Na kwa miaka hiyo yote meneja, Bwana Ngige, alimwimbia wimbo mmoja: vumilia, Bungoma ikifunguliwa ni yako.

Bungoma ndiko walikokuwa mume wake na watoto. Yeye alipanga chumba mtaa wa Tuwan, hapo Kitale, na kwenda nyumbani Jumamosi jioni, na Nasambu, kitinda mimba wake, alikuwa ameanza kumpokea kama mgeni, anamfutia kiti kwanza ndipo amsalimie. Kwa hiyo cheo hicho hakukitaka cha kujigamba nacho. Alitaka kurudi kwake.

Ijumaa ikafika, na Bwana Ngige akaingia na kijana aliyefunga tai. "Huyu ni Derrick Wanyonyi, mkuu wa ubora Bungoma," akasema. "Ako na digrii. Atakaa hapa miezi mitatu, Roselyne amshike mkono, halafu aende." Hapo ndipo alipoiona keki. Mtu mwenye haya angejifanya hakusoma. Yeye alichukua kisu, akalipangusa lile jina kwa ubapa wake, akasema, "Haya Roselyne, mlishe mwenzako."

Naye akamlisha! Akakata kipande, akakitia kinywani mwa yule kijana kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, akitabasamu mbele ya watu wote. Lile tabasamu ndilo lililomuuma usiku kucha kuliko hata lile jina.

Kabla ya kutoka kazini siku ile alimfuata meneja ofisini. "Boss, si ulisema ni yangu?"

"Roselyne, wewe ni mzuri sana kwa hii kazi. Nikikutoa hapa, nani atanipimia mahindi?"

Hebu sikia maneno hayo. Angekuwa mvivu, wangempandisha cheo ili wamwondoe. Kwa kuwa aliijua kazi, kazi hiyo hiyo ndiyo waliyomfunga nayo. Wakubwa wana ulimi laini sana wanapomkanyaga mtu.

Jumamosi hiyo aliisoma upya barua yake ya ajira. Ilisema kazi yake ni kuchukua sampuli na kuzikabidhi kwa afisa wa ubora. Basi. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kukubali wala kukataa lori.

Jumatatu asubuhi malori ya Moi's Bridge na Kiminini yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Roselyne alichukua bambo, akadunga magunia ya lori la kwanza, akatafuna punje moja kama alivyozoea. Ikabonyea bila kupasuka: mahindi mabichi. Akaziweka punje kwenye sahani na kumpelekea Derrick. "Sampuli hii hapa, afisa."

Derrick akazipima. Mashine ikasoma yamekauka. Naye akatafuna moja, akakunja uso. "Madam, si hii ni laini bado? Nisaini ama?"

"Barua yangu haisemi."

Meneja akaja mbio. "Roselyne! Lori zimefunga barabara. Saini ziingie!" Roselyne akampa barua aisome. Hakuimaliza. "Derrick, basi saini wewe."

Kijana akaweka kalamu mezani. "Boss, watu wakikula ukungu, ni jina langu litatajwa. Mwenye anajua hii kazi ni huyu."

Hapo Roselyne hakuweza kunyamaza tena, maana unga wa mahindi yale ungeliwa na watoto. "Mashine imewekwa kipimo cha ngano," akasema. "Tulipima ngano Alhamisi, na hakuna mtu amebadilisha. Hayo mahindi ni mabichi. Hiyo nasema juu ya watoto, si juu ya kampuni."

Lori likarudishwa. Meneja akamvuta kando, sauti imepoa kama ya mtu anayeomba maji. "Sawa, umeshinda. Enda Bungoma na Derrick. Utakuwa kaimu naibu wake."

Nyumbani! Moyo ulimruka. Nusura aseme ndiyo, na hilo likampandisha hasira kuliko yote, kwamba huyu mtu alijua hasa pa kumshika.

"Iko na barua?" akauliza.

"Barua itafuata. Wewe vumilia kidogo tu."

Roselyne akavua dastikoti, akaikunja vizuri, akamwekea mkononi.

"Bungoma nitaenda, boss. Nitaenda leo, na nitaenda kama mama Nasambu. Kaimu mtatafuta mwingine."