Fundo la Kamba ya Ndama

Siku nilipowakuta wale watoto kwenye ngitili yangu niliwatukana mpaka mate yakanikauka, na sijutii hata tusi moja. Asije mtu hapa akaniambia mama mtu mzima hatukani. Mtu mzima akute watoto wa sekondari saa nane mchana wamejilaza chini ya migunga ya marehemu mume wake, mashati ya shule wazi, vifuko vya pombe kali vimetapakaa kila kichaka, afanye nini? Awaimbie?

"Mwadila, mama mkubwa," mmoja akanisalimia.

Sisi Wasukuma, binti humsalimia mkubwa akipiga goti. Huyu alinisalimia akiwa amelala chali, mguu mmoja juu ya mwingine. Alikuwa Domitila, kidato cha tatu, mtoto wa shemeji yangu Mwandu. Nilivunja fimbo ya mgunga nikawatimua wote, na Domitila alikimbia huku anacheka.

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la majani na miti ambalo tunalifunga mvua zikianza. Haingii ng'ombe, haliingii panga, mpaka mwezi wa tisa ambapo mifugo kwingine kote inalamba vumbi. Hapo ndipo tunafungua, na majirani wote wanalisha. Hii yetu aliitunza mume wangu Masele miaka ishirini na miwili. Iko mwendo wa nusu saa tu kutoka Bariadi mjini, na ndiyo balaa lake. Zamani pombe ilikuwa ya mtungi, unainywa kwa watu na wakubwa wanakuona. Likaja hili soko huria lao, kila kibanda kikajaa viroba, ndivyo hivyo vifuko vya pombe kali, mtoto anatia vitatu kwenye soksi anaenda porini. Anayeviuza kihalali hafikirii, anayevinunua ndiyo kabisa.

Jioni ileile nilikwenda kwa Mwandu. Nilimkuta anapanga marobota ya pamba, maana mwaka huu wa 2003 wanunuzi binafsi walikuwa wanagombana mpaka mlangoni kwa mkulima.

"Mwanao analewa kwenye msitu wa kaka yako," nikamwambia.

"Shemeji, msitu umekushinda," akasema bila kuniangalia. "Tukate hiyo miti, tulime pamba. Ukiwa shamba, nani atakwenda kulewa humo?"

Mnaona? Mtoto kachafua, dawa ni kuniondolea ngitili! Na hakuishia hapo. Alikwenda kwa wazee wa dagashida, baraza letu, akawaambia mjane hawezi kulinda eneo kubwa namna ile. Mzee Constantine, anayeliongoza, akaniita akanipa kiangazi kimoja. Uchafu ukiendelea, Mwandu apewe alime. Niliondoka pale na hasira zangu, hata kuaga nikasahau.

Basi nililinda. Asubuhi nakwenda stendi kuuza karanga zangu, maana bila karanga sili. Mchana nakimbilia ngitili. Karanga zangu kila mtu Bariadi anazijua, nazikaanga na maji ya chumvi, chumvi haswa, mpaka viganja vyangu vinabaki vyeupe. Nazitia kwenye vifuko vya nailoni na kuvifunga kwa mkono wa kushoto, fundo la kamba ya ndama, alilonifundisha Masele. Fundo hilo halifunguki. Mteja anang'ata pembeni anatoboa, anamwagia karanga mdomoni. Wanafunzi ndio walionimalizia beseni, kila siku, mimi nikifurahi kwamba watoto wa siku hizi wanapenda karanga.

Mwezi wa tisa tulifungua ngitili. Wiki ya tatu ng'ombe wangu mweusi, mwenye baka jeupe tumboni, akaacha kula. Nilikuwa na ng'ombe watatu tu, na huyu ndiye aliyekuwa na maziwa, Masele alimnunua mnadani Zagayu akiwa mtamba. Tumbo likamvimba upande wa kushoto, likawa gumu kama debe. Siku ya nne akafa akiniangalia. Nililia kwa sauti, hata aibu sikuona.

Mhoja mchinjaji alipompasua, ndani ya lile tumbo kubwa alikuta donge la nailoni, zito, limesokotana na majani, limejaa mikono miwili. Juu yake kinang'aa kipande cha kiroba.

"Mayu wane, mama yangu!" Mhoja akasema. "Hii ni takataka ya binadamu."

Nilikiona kile kiroba nikawaka. Sikutaka kuona zaidi. Nilimwambia Mhoja atie donge lote kwenye beseni langu, lisioshwe, nikalifunika, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Constantine kudai baraza likae.

Likakaa kesho yake asubuhi, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Watu walijaa. Mwandu alikaa mbele, na Domitila pembeni yake, sare imepigwa pasi, uso wa malaika.

"Mektilda, unadai nini?" Mzee Constantine akaniuliza. "Faini?"

"Faini siitaki!" nikasema. Nilikuwa nimeipanga usiku kucha. Mwandu ana ng'ombe arobaini, na bila ngitili wangekwisha kabla ya mvua. "Nataka mwenye uchafu huu, ng'ombe wa boma lake wasikanyage ngitili kiangazi chote."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani!"

"Hata awe ndugu yako?"

"Mzee, nimesema hata awe nani. Mnataka niimbe?"

Watu wakacheka, wakakubali. Mzee Constantine akasema neno limekaa. Hapo nikaona nimwadhibu yule binti vizuri, anione. Nikafunua beseni, harufu ikawarudisha watu nyuma.

"Aje achambue yeye," nikasema. "Kwa mikono yake. Kimoja kimoja, kila mtu aone alichomlisha ng'ombe wangu."

Domitila akaja. Akachuchumaa, akaletewa maji ya kuoshea. Mwanzoni alikuwa anaziba pua na mimi nafurahi. Akatoa kiroba, akakiweka kulia. Akatoa kifuko cha nailoni, akakisuuza, akakiweka kushoto. Akatoa kingine, kushoto. Kingine, kushoto. Kiroba cha pili, kulia. Halafu kushoto, kushoto, kushoto, mpaka lile fungu la kushoto likawa kilima na la kulia limebaki na viroba viwili vilevile. Alipomaliza akainua kimoja juu, akakivuta. Hakikufunguka.

"Mama mkubwa," akasema, na safari hii hakucheka, "hili fundo ni la nani?"

Jamani. Hapakuwa na mtu uwanjani asiyelijua. Nusu yao walikuwa wameng'ata pembeni ya hilo fundo stendi.

Na mimi ni mtoto wa mfugaji! Nimezaliwa kwenye boma. Najua ng'ombe wa kiangazi anavyotafuta chumvi, anavyolamba ukuta, anavyolamba jasho mgongoni kwa mtu. Kiroba cha pombe ng'ombe hukinusa akapita. Kifuko kilichobaki na chumvi ya Mektilda je? Anakimeza kizima. Watoto walikitupa wao, ndiyo, laana iwapate. Lakini chumvi niliitia mimi kwa mkono wangu, na nilijua porini wanakwenda na nini cha kutafunia. Sikutaka tu kukifikiria.

Mwandu akasimama. Alikuwa anatabasamu, mshenzi yule.

"Wazee, mmeona wenyewe. Mlinzi ndiye mchafuzi. Tumalize leo, hilo eneo nilime."

"Kaa chini!" nikapiga kelele. "Kaa chini Mwandu, neno limeshakaa kabla yako! Ngitili haina kosa. Ng'ombe wangu wawili, nje, kiangazi chote. Na hivyo viroba viwili ni vya nani? Domitila, ni vya nani?"

Akainamisha kichwa. "Vyetu."

"Basi na arobaini wa baba yako, nje! Hata awe nani, si tumesema?"

Mzee Constantine aliwaangalia wenzake, wakateta, akasimama. Ngitili inabaki ngitili, chini ya Mektilda. Boma la Mektilda na boma la Mwandu, nje mpaka mvua. Watoto wote waliolewa mle waokote mpaka kiroba cha mwisho. Nilichukua beseni langu nikaondoka, na hakuna aliyethubutu kunifuata.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja na mvua bado. Karanga nazifunga kwenye gazeti, wateja wananung'unika kwamba zinalainika. Wanune. Mwandu aliwapeleka ng'ombe wake kwa shemeji zake huko Sola, na wanne wamemfia njiani. Wangu wawili hawana pa kwenda. Kila siku nawapitisha pembeni ya ngitili, mbavu unazihesabu, na ndani wanaona ng'ombe wa majirani wakila majani ya Masele mpaka magotini. Domitila na wenzake wanaokota mle na magunia. Jana alinisalimia, kasimama wima. Nikaitikia, basi.

Hasira haijaniisha, na nikiwaambia imeisha nitakuwa mwongo. Jana jioni yule ng'ombe wangu mdogo alikataa kutembea. Nilimvuta kamba, nikampiga, hakwenda. Akageuza kichwa, akaanza kuniramba viganja, kimoja na kingine, kwa ile chumvi isiyotoka. Nilitaka kuvitoa. Nikamwachia arambe.