Meno Mawili ya Anselme

"Meno haya mawili niliyaacha darajani, bega kwa bega na Jenerali Castéra," Anselme alipenda kusema, akivuta mdomo wa juu ili hata wa meza ya nyuma waone pengo. "Bila mimi, mpaka leo angekuwa anagonga mapipa."

Watu wa Mirepeyre waliisikia hadithi hiyo miaka tisa, na kila mwaka daraja lilizidi kurefuka. Kwamba Firmin Castéra alikuwa mtoto wa fundi mapipa, mguuni viatu vya mbao, asiyejua kuandika ila jina lake, ni kweli. Kwamba askari wenzake walimpigia kura awe kapteni kwa sababu hakuwaambia "nendeni" hata siku moja, siku zote "twendeni", ni kweli. Daraja alilivuka mizinga ikinguruma, na alipotimiza miaka ishirini na tisa akawa jenerali. Uongo ulikuwa mmoja tu: yule shujaa mwenye bunduki aliyekuwa akikimbia pembeni yake.

Mwaka ule wa kuchagua askari kwa kura, Anselme alitia mkono kwenye kofia ya meya akatoka na karatasi mbaya, ya kwenda vitani. Firmin, rafiki yake, akambebea mzigo na kumsindikiza hadi mji wa wilaya. Walipofika, Anselme akachepukia kwa fundi wa kupigilia farasi viatu, aliyeng'oa pia watu meno, akang'olewa mawili ya mbele. Risasi za siku zile zilifungwa kwenye karatasi, na askari asiye na meno ya kuichana hana kazi. Aliyemshika kichwa asitapatape ni Firmin. Nafasi ikabaki wazi, na Firmin akasema ataijaza yeye.

"Mama yako hatakosa kuni wakati wa baridi," Anselme akamwahidi, damu ikimtiririka kidevuni. "Niachie mimi."

Aibu ikamficha milimani miaka mitatu, kwenye mashine ya kusaga ngano. Aliporudi, pengo lilimtangulia mlangoni, na watu wakalisalimia kama medali. Jacquette, mwenye nyumba ya mvinyo, aliwakataa wachumba wawili wenye meno kamili kwa ajili ya pengo lile.

Sasa jenerali mwenyewe amekuja. Amelitazama kaburi la mama yake, lililochimbwa majira ya baridi yaliyopita, kisha akaingia kwa Jacquette kunywa supu ya bata bukini. Wateja wakamtaka Anselme asimulie. Yeye akakumbuka ghafla kwamba kuna pipa linavuja chini. Wakamkalisha kwa mabega.

"Simulia, kaka," jenerali akasema. "Mimi nilikuwa mbele, ya nyuma sikuyaona."

Akasimulia akitazama meza. Halijapata kuwapo daraja fupi kama la siku hiyo. Jenerali hakupinga neno. Mwisho akawaambia watu kwamba meno yale yalimuuma sana mwenzake, na kwamba kichwa alikishika yeye kwa mikono yake. Nyumba nzima ikapiga makofi. Anselme aliona heri angechapwa kofi. Jacquette, kwa fahari, akamwekea mumewe mkono begani.

Makofi yalipotulia, jenerali akainama karibu.

"Mama hakujua kuandika, kwa hiyo sikupata habari. Zile kuni, kaka. Ulimpelekea?"

Hapana lilikuwa neno moja tu. Anselme alilitafuta mdomoni, akakuta pengo.

"Kila baridi," akasema. "Mpaka mlangoni."

Mkono ukaondoka begani.

"Kuni zipi?" Jacquette akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. "Shemeji, nisamehe. Mama Castéra alikuwa akiokota vijiti nyuma ya uzio wetu." Akamgeukia mumewe. "Ulinituma nimfungulie mbwa, Anselme. Nikakataa."